Nitajuaje kama swali la uwezekano ni la binomia?

KondeleJuu

Wadau wa hesabu, hamjambo. Fomula ya binomia (mgawanyo wa idadi ya mafanikio katika majaribio yanayorudiwa) naijua kwa moyo na kuikokotoa si tatizo. Ninapokwama ni kabla ya hapo. Swali halikuambii "hii ni binomia". Linakuletea mayai, mvua na matatu, halafu uamue mwenyewe. Masharti manne nimeyakariri: idadi ya majaribio ijulikane, matokeo yawe mawili tu, uwezekano usibadilike, majaribio yasitegemeane. Nikiyapitisha maswali haya sita kwenye masharti hayo naona karibu yote yanafaulu, lakini majibu ya nyuma ya kitabu yananikatalia.

1. Trei ya mayai 30 kutoka soko la Kibuye ina viza 5. Nachukua mayai 6 bila kuchagua. X ni idadi ya viza nitakayopata.
2. Mtihani wa maswali 50, kila swali lina majibu manne, A hadi D, kama ilivyokuwa karatasi ya hesabu ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Kenya. Mtahiniwa anabahatisha yote. X ni idadi atakayopata.
3. X ni idadi ya siku za mvua Kisumu katika mwezi wa Aprili.
4. Mkaguzi anapima pakiti za maziwa moja moja mpaka apate 3 zilizoharibika. X ni idadi ya pakiti alizopima.
5. X ni idadi ya matatu zinazopita Kondele kati ya saa moja na saa mbili asubuhi.
6. Mume na mke wote wamebeba jeni moja ya selimundu. Wana watoto 4. X ni idadi ya watoto wenye ugonjwa.

Ipi ni binomia, ipi siyo, na nyinyi mnaitambuaje?

OmenaKavu

Njia ya mkato: ukiona matokeo ni mawili, ndiyo au la, hiyo ni binomia. Songa mbele.

PembetatuYaPascal

@OmenaKavu njia hiyo itampoteza. Karibu kila kitu duniani kinaweza kugawanywa mara mbili. Dadu ina nyuso sita, lakini "imetoka 6" na "haijatoka 6" ni matokeo mawili. Uzito wa samaki aina ya ngege ni namba yoyote, lakini "amezidi kilo moja" na "hajazidi" ni matokeo mawili. Sharti hilo ndilo jepesi kuliko yote, na ndiyo maana halimtambulishi mtu.

@KondeleJuu, masharti yako manne ni sahihi. Kasoro ni kwamba unayapima kabla hujaamua jaribio lenyewe ni lipi. Chukua kalamu ujaze mapengo ya sentensi hii kwanza:

"Jaribio moja ni ___. Litafanywa mara ___, na namba hiyo inajulikana kabla ya kuanza. Kila mara, uwezekano wa ___ ni ___. X ni idadi ya mara ambazo hilo limetokea."

Pengo likikataa kujazwa, umeshaiona kasoro.

Namba 4 inakataa kwenye pengo la pili. Pakiti ngapi zitapimwa? Hakuna ajuaye, hilo ndilo linalotafutwa. Kilichowekwa ni mafanikio 3, na kinachobadilika ni majaribio. (Ndiyo, kwenye hesabu hizi pakiti mbovu inaitwa "fanikio" kama ndiyo unayoihesabu. Izoee.) Neno la kuangalia ni "mpaka" na ndugu zake "hadi" na "kabla ya kupata". Hiyo ni binomia hasi, na kama mkaguzi angesimama kwenye pakiti mbovu ya kwanza ungekuwa mgawanyo wa jiometri. Geuza swali liwe "anapima pakiti 40, ngapi zimeharibika?" na binomia inarudi, ijapokuwa maziwa ni yale yale na mkaguzi ni yule yule.

Namba 5 inakwama mapema zaidi, pengo la kwanza kabisa. Matatu iliyopita utaihesabu. Ambayo haikupita je? Kwenye binomia unaweza kuhesabu yaliyofanikiwa na yaliyoshindwa, na ukiyajumlisha unapata n, idadi ya majaribio. Kwenye mambo yanayotiririka ndani ya saa au eneo, kushindwa hakuhesabiki, kwa hiyo n haipo. Watu hukimbilia mgawanyo wa Poisson hapo, ingawa kwa matatu hata Poisson ina mashaka: zikitoka stejini kwa zamu baada ya kujaza, zinajipanga, zikizuiwa na foleni, zinafika tatu kwa mpigo.

Sasa namba 1, ambayo ndiyo mtego hasa. Mapengo yote yanajazika: jaribio ni kutoa yai, mara 6, uwezekano wa viza 5/30. Lakini yai la kwanza likiwa viza, la pili lina nafasi 4/29. Likiwa zima, la pili lina 5/29. Watu husema "p (uwezekano wa fanikio) imebadilika", na hapo lugha inateleza kidogo. Ukimuuliza mtu ambaye hajaona la kwanza, yai la pili nalo lina nafasi 5/30, na la sita pia lina 5/30. Kilichovunjika ni kutotegemeana. Yai moja linajua habari za jingine.

Kosa lenyewe ni kubwa kiasi gani? Linganisha:

Hakuna viza hata moja: hesabu sahihi ni C(25,6) ÷ C(30,6), yaani njia za kuchagua 6 kati ya mazima 25 kwa njia za kuchagua 6 kati ya 30, = 177100 ÷ 593775 = 0.298. Binomia inakupa (5/6)^6 = 0.335.

Viza 1 kamili: sahihi ni 0.447, binomia inasema 0.402.

Viza 6: sahihi ni sifuri, kwa sababu trei nzima ina viza 5 tu. Binomia inang'ang'ania kwamba kuna nafasi 1 kati ya 46656. Modeli ikikuahidi viza wa sita kutoka trei yenye watano, iache.

Huo ni mgawanyo wa haipajiometri. Lakini usiuchukulie kwamba kila "bila kurudisha" inaua binomia. Kama mayai 6 yangetolewa kwenye lori lenye mayai 30000, viza wakiwa 5000, yai moja likitoka halitikisi chochote, na binomia inakuwa karibu sawa kabisa na ukweli. Kanuni ya kukadiria inayotumiwa sana ni sampuli isizidi asilimia 10 ya jumla. Hapa 6 kati ya 30 ni asilimia 20, kwa hiyo imekataa. Na ukirudisha kila yai kwenye trei na kuchanganya kabla ya kutoa jingine, ni binomia halali hata trei ikiwa ya mayai 10.

Mwl_Kakamega

Nichukue 2, 3 na 6.

Namba 2 ni binomia, n = 50, p = 0.25, wastani 12.5, mkengeuko sanifu mizizi ya 9.375, yaani kama 3.1. Ila angalia bahati inatoka wapi. Inatoka kwa mtahiniwa anayebahatisha kila swali upya, haitoki kwenye karatasi. Kama ameamua kutia B kuanzia swali la kwanza hadi la 50, na mwongozo wa kusahihisha una B 13, basi atapata 13. Hakuna binomia hapo, kuna 13 tu. Swali likikuambia "anabahatisha", hakikisha linamaanisha anabahatisha kila swali peke yake.

Namba 3 siyo. Mwezi wa Aprili una siku 30, mvua imenyesha au haijanyesha, kila kitu kinaonekana sawa. Lakini hali ya hewa ina kumbukumbu. Mawingu ya masika yakikaa, yanakaa siku kadhaa. Kukikauka, kunakauka kwa wiki. Siku iliyofuata siku ya mvua ina nafasi kubwa ya mvua kuliko siku iliyofuata jua kali. Ukitumia binomia, wastani wako hautakuwa na tatizo, lakini utashangazwa na Aprili zenye mvua nyingi mno na zile kavu mno. Zitakuwa nyingi kuliko binomia inavyotabiri.

Unaweza kuliokoa swali ukibadilisha jaribio. Badala ya siku 30 za Aprili moja, chukua tarehe 12 Aprili katika miaka 10 tofauti. Mvua ya tarehe 12 mwaka huu haina habari na ya mwaka jana, angalau si kwa kiasi cha kutusumbua. Hapo n = 10 na binomia inakubalika, mradi hali ya hewa yenyewe haijahama sana katika miaka hiyo.

Namba 6 ni binomia safi, na kwetu huku Kanda ya Ziwa ni swali la maana, maana jeni hii imeenea penye malaria: mwenye jeni moja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mtoto ana nafasi 1/4 ya kurithi jeni zote mbili. Nafasi ya angalau mgonjwa mmoja kati ya wanne ni 1 − (3/4)^4 = 175/256 = 0.684. Mgonjwa mmoja kamili ni 0.422. Wengi husikia "mmoja kati ya wanne" wakadhani familia iliyokwisha kupata mmoja imemaliza zamu yake. Haijamaliza. Mtoto wa pili ana 1/4 ile ile, na wa tatu vivyo hivyo. Kutotegemeana maana yake ni hiyo.

Inaharibika wapi? Mahali patatu. Pacha wa kufanana wana jeni zile zile, hivyo wawili hao ni jaribio moja, si mawili. Pili, wazazi wakisema "tukipata mgonjwa tunaacha kuzaa", n haijawekwa tena, umerudi kwenye "mpaka". La tatu ndilo linalowaponyoka hata wanaojua: familia zimepatikana vipi? Ukienda kliniki ya selimundu ukaorodhesha familia za watoto wanne, hutakutana na familia ya wabebaji ambayo watoto wote ni wazima, kwa sababu haina sababu ya kufika kliniki. Sifuri imefutwa kwenye orodha. Wastani wa wagonjwa kwa familia hautakuwa 1 bali 1 ÷ 0.684, kama 1.46, hata kama kila familia yenye mgonjwa ina nafasi sawa ya kuorodheshwa. Mtu atagawanya 1.46 kwa 4, apate karibu 0.37, aseme urithi umekosea. Urithi hauna kosa. Orodha ndiyo iliyochujwa.

KondeleJuu

Asanteni sana Mwalimu, na Pembetatu pia. Hiyo sentensi ya mapengo nimeielewa. Swali juu ya namba 2: tuseme mtahiniwa si mjinga kabisa. Katika maswali 20 anaweza kufuta majibu mawili yasiyowezekana, abahatishe kati ya mawili yaliyobaki. Maswali 30 mengine anabahatisha kati ya manne. Naweza kuchukua p ya wastani, (30 × 0.25 + 20 × 0.5) ÷ 50 = 0.35, nikatumia binomia ya n = 50?

PembetatuYaPascal

Wastani utatoka sawa, 17.5. Varianzi (mraba wa mkengeuko sanifu, kipimo cha mtawanyiko) itakudanganya. Sahihi ni kuzigawa: 30 × 0.25 × 0.75 = 5.625, na 20 × 0.5 × 0.5 = 5, jumla 10.625. Binomia ya p = 0.35 inakupa 50 × 0.35 × 0.65 = 11.375, imezidi. Hizo ni binomia mbili zilizojumlishwa, na binomia mbili zenye p tofauti zikijumlishwa hazitoi binomia. Zikiwa na p moja zinatoa.

Hapa tofauti ni ndogo na kwa makadirio unaweza kuivumilia. Kwenye mtihani usiivumilie.

ShambaLaLanet

Nimesoma mazungumzo haya kutoka upande wa Nakuru na kuna kitu kimoja ningependa kukikazia, kwa sababu "p inabadilika" inasemwa kana kwamba ni kosa la aina moja. Ni makosa mawili, na yanavuta varianzi pande mbili tofauti.

Chukua mashine ya kuangulia yenye mayai 10. Hali tatu:

Hali ya kwanza, kila yai lina nafasi 0.6 ya kuanguliwa, na hakuna kinachoyaunganisha. Binomia. Wastani 6, varianzi 10 × 0.6 × 0.4 = 2.4.

Hali ya pili, mayai 5 ni ya juzi, nafasi 0.8 kila moja, na mayai 5 yamekaa siku nyingi kabla ya kutiwa, nafasi 0.4. Unajua lipi ni lipi. Wastani ni 4 + 2 = 6. Varianzi ni 5 × 0.16 + 5 × 0.24 = 2.0. Imepungua. Ni jambo lile lile la mtahiniwa wa maswali 50.

Hali ya tatu, mayai yote yanafanana, lakini umeme. Umeme ukikaa siku zote 21, kila yai lina 0.8. Ukikatika usiku mrefu mmoja, kila yai linashuka hadi 0.4. Tuseme nafasi ya kila hali ni nusu. Wastani bado ni 6. Lakini varianzi ni 2.0 ya ndani ya kila hali, na juu yake mruko kati ya wastani wa 8 na wastani wa 4, ambao unaongeza 4. Jumla 6.0.

Wastani ni ule ule mara tatu, varianzi 2.4, 2.0, 6.0. Anayeangalia wastani peke yake hataona tofauti yoyote. Anayepanga vifaranga vya kuuza kwa kutumia 2.4 huku umeme wake ni wa hali ya tatu atajikuta na oda za vifaranga asivyo navyo.

Kwa hiyo ninapoangalia kama hali inafaa binomia, swali langu la kwanza huwa: kuna kitu kimoja kinachoyagusa majaribio yote kwa pamoja? Umeme mmoja, gunia moja la mbegu, kisima kimoja, dereva mmoja, nyumba moja. Kikiwepo na hakidhibitiwi, binomia inaonyesha hatari ndogo kuliko ilivyo.

Mwl_Kakamega

Nyumba ni mfano mzuri. Ukipima malaria kwa watu 100 kutoka nyumba 20, watu 5 kila nyumba, hao 100 si majaribio 100 huru. Wanalala chini ya paa moja, karibu na dimbwi lile lile. Varianzi inapanda kwa kizidisho cha 1 + (m − 1) × r, ambapo m ni watu kwa nyumba na r ni kipimo cha kufanana ndani ya nyumba. Kwa mfano r ikiwa 0.25, kizidisho ni 1 + 4 × 0.25 = 2, na sampuli yako ya 100 ina nguvu ya watu 50 tu.

OmenaKavu

Sawa, nimekubali njia yangu ya mkato ilikuwa fupi mno. Lakini hayo yote ni ya kukaa na kufikiri. Nikiwa na data mkononi, naweza kuona bila kubishana kama ni binomia?

ShambaLaLanet

Unaweza, mradi una hesabu zilizorudiwa, si moja tu. Hesabu moja, kwa mfano "mbegu 184 kati ya 200 zimeota", haikuambii lolote kuhusu kutotegemeana. Ndiyo sababu kanuni za kimataifa za kupima mbegu hazioteshi mbegu 400 kwa rundo moja. Huzigawa mafungu 4 ya 100 na kulinganisha mafungu.

Mfano wa namba nilizotunga, mbegu za mahindi, mafungu 8 ya mbegu 25:

Shamba A: 23, 22, 24, 21, 23, 22, 25, 24
Shamba B: 25, 24, 25, 14, 25, 24, 23, 24

Yote mawili jumla ni 184, wastani 23, p ni 184 ÷ 200 = 0.92. Binomia inatarajia varianzi ya 25 × 0.92 × 0.08 = 1.84.

Sasa toa wastani kwa kila fungu, piga mraba, jumlisha. A inatoa 12, B inatoa 96. Gawanya kwa 7 (mafungu kasoro moja): A ina varianzi 1.71, karibu na 1.84. B ina 13.7.

Ukitaka kipimo rasmi, gawanya jumla ya miraba kwa 1.84 ulinganishe na jedwali la kai-mraba la digrii 7 za uhuru. A inatoa 6.5. B inatoa 52. Mpaka wa asilimia 5 ni 14.07. A haina ushahidi wa kuikataa binomia. B imekataliwa waziwazi.

Lakini usiishie kwenye "imekataliwa". Angalia lile fungu la 14. Pengine lilikuwa bondeni maji yakasimama na mbegu zikaoza pamoja. Pengine lilitoka gunia jingine. Namba inakuonyesha pa kuchimba. Sababu utaipata shambani. Na usilifute fungu hilo ili hesabu ikubali.

Mafungu 8 ni machache, kwa hiyo kipimo hiki kinaweza kukosa tofauti ndogo. Kupita kwa A si cheti.

Jambo jingine kwenye mbegu: jaribio ni mbegu au ni shimo? Ukitia mbegu 2 kila shimo, nafasi ya kuota ikiwa 0.9 na kila mbegu ikijitegemea, shimo litakuwa na angalau mche mmoja kwa nafasi 1 − 0.1 × 0.1 = 0.99. Mashimo 10 ni binomia ya n = 10, p = 0.99. Mbegu 20 ni binomia ya n = 20, p = 0.9. Zote ni halali, ila swali lisipotaja wazi linahesabu nini, utachanganya n ya moja na p ya nyingine.

PembetatuYaPascal

Na kwa upande wa mtihani, haraka haraka: "angalau 9" ni 9 na kuendelea, "zaidi ya 9" ni 10 na kuendelea, "wasiozidi 9" inajumuisha 9. Mbegu 10 zenye p = 0.9: angalau 9 ni 0.387 + 0.349 = 0.736, zaidi ya 9 ni 0.349 peke yake. Alama nyingi hupotea hapa kuliko kwenye kuitambua binomia.

KondeleJuu

Basi nijaribu moja nililotunga mwenyewe, mnisahihishe. Gari la abiria 14, Kisumu hadi Nakuru, nafasi zinawekwa mapema. Mtu 1 kati ya 10 aliyeweka nafasi hatokei. Mwenye gari anauza tiketi 16. Jaribio moja ni mwenye tiketi mmoja. Litafanywa mara 16. Uwezekano wa kufika ni 0.9. X ni idadi ya waliofika. Anataka kujua uwezekano wa X kuzidi 14.

P(15) = 16 × 0.9^15 × 0.1 = 0.329
P(16) = 0.9^16 = 0.185
Jumla 0.515.

Yaani zaidi ya nusu ya safari kutakuwa na abiria waliolipa na hawana kiti. Akiuza 15 ni 0.206. Nimepatia?

PembetatuYaPascal

Hesabu umepatia yote. Mapengo umejaza vizuri. Sasa uliza swali la Lanet: kuna kinachowaunganisha?

KondeleJuu

Mvua kubwa asubuhi, labda. Na watu wanaosafiri pamoja. Wakienda matanga watu wanne wa boma moja, mmoja akiahirisha wote wanaahirisha.

ShambaLaLanet

Hapo hapo. Chukua hali iliyokithiri: tiketi 16 zimenunuliwa na makundi 4 ya watu wanne, na kila kundi linakuja lote au halitokei kabisa, nafasi 0.9. Fanya tena.

KondeleJuu

Jaribio ni kundi. n = 4, p = 0.9. Kuzidi 14 kunawezekana tu makundi yote manne yakija: 0.9^4 = 0.656. Imepanda kutoka 0.515, na wastani bado ni 14.4. Varianzi ya abiria: 16 × (4 × 0.9 × 0.1) = 5.76, badala ya 16 × 0.09 = 1.44. Mara nne.

Mwl_Kakamega

Na kizidisho kile cha nyumba kinakubaliana nawe: m = 4, r = 1, kwa hiyo 1 + 3 × 1 = 4.

Rekebisho moja la maandishi tu. Idadi ya makundi ni binomia. Idadi ya abiria ni 4 mara idadi hiyo, na yenyewe si binomia: haiwezi kuwa 13 wala 15, inaruka 0, 4, 8, 12, 16. Kwenye karatasi andika X ya makundi, halafu Y = 4X ya abiria, usiziite zote X.